Kihisi cha Sumaku Kilichosoma Mkondo Usiokuwepo

Nimefanya kazi ya ufundi wa sola hapa Dodoma kwa miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba nitadhalilishwa dukani kwa sababu ya kifaa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Katika joto lile la kabla ya mvua za kwanza nilinunua kihisi cha sumaku cha kupimia mkondo wa betri, nikakifunga ndani ya boksi la chuma la pampu ya mkulima wa zabibu kule Hombolo, kisha nikakifunika kwa gundi ya kuchanganya, ile inayokauka ikawa jiwe, ili vumbi lisikifikie.

Asubuhi, pampu ikiwa imezimwa, kilisoma sifuri. Saa saba mchana, waya nikiwa nimeuchomoa kwa mkono wangu mwenyewe, kilisoma ampia mbili na nusu. Nikakandamiza ukingo wa kibao chake cha saketi kwa kidole, namba ikapanda, nikaachia, ikashuka. Mimi na mkulima tulikandamiza kwa zamu, kama watoto waliookota kengele.

Dukani, kijana wa kaunta hakukishika hata kukitazama. Alisoma kwa sauti maandishi ya boksi kilimouzwa, kwamba kimefidiwa joto, yaani hujirekebisha joto likibadilika, kisha akasema: "Fundi, umekimwagia zege mwenyewe, halafu unataka mimi nikulipe?" Wateja wakacheka.

Kinachoniuma ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Kihisi hiki kinategemea athari aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, kwamba sumaku husukuma pembeni umeme unaopita na kuzaa volti ndogo ya kupimwa, na kipande cha silikoni kilichomo ndani yake kikipata mkazo, yaani kikibanwa au kuvutwa, sifuri huhama na wepesi wa kuhisi hubadilika. Gundi yangu ilisinyaa ilipokauka, ikakibana. Angelinieleza hivyo kwa adabu, ningelikubali hasara na kwenda zangu.

Hata hivyo, kadiri ninavyolifikiria jambo hili ndivyo hasira inavyorudi. Plastiki inayoizunguka silikoni hutanuka kwa joto kuliko silikoni yenyewe, kwa hiyo jua likiwaka mkazo nao hubadilika, hata pale ambapo hakuna fundi aliyepaka gundi. Na unyevu unaonyonywa na plastiki hiyo wakati wa masika hufanya vivyo hivyo. Anayefidia joto peke yake amelipa nusu ya deni. Watengenezaji makini huuzungusha mkondo kwenye pande za kihisi kwa zamu ili kosa la sifuri lijifute, kisha, kwa kuwa mzunguko huo hauponyi wepesi wa kuhisi, huweka kando yake kipimo cha mkazo na kingine cha joto. Boksi la kihisi changu halikutaja mkazo popote.

Nilikusudia kuandika kwamba msikinunue. Lakini nimenunua kingine kilekile, tena katika duka lilelile, nikakiweka kivulini juu ya mpira laini bila gundi. Mchana sifuri inayumba kidogo tu, na mkulima ameridhika. Mimi bado, na yule kijana nikimkuta tena kaunta nitaweka pesa mezani bila kumsalimia.