Liebermann-Villa pale Wannsee, Berlin: anzeni na bustani

Jamani mimi makumbusho huwa siyapendi, ukishaona picha kumi miguu inauma na zote zinafanana, ila hapa nimeenda mara mbili mwezi huu. Unashuka treni Wannsee, unadaka basi 114, linakuacha jirani kabisa.

Ni nyumba ya mchoraji Max Liebermann. Jamaa alihamia Paris 1873 akakaa kama miaka mitano, ila msidhani alirudi anachora kama kina Manet, wale wachoraji Wafaransa wa rangi angavu, wapi, bado alikuwa na wakulima wake na rangi za giza. Ufaransa ilimwingia baadaye, akawa ananunua picha za Manet na Mfaransa mwenzake Degas anatundika kwake. Na Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, yuleyule wa enzi za Maji Maji kwetu, hiyo michoro ya Kifaransa alikuwa haitaki hata kuisikia. Hugo von Tschudi, mkurugenzi wa Nationalgalerie, makumbusho ya picha ya taifa hapo Berlin, aliinunulia picha ya Manet 1896, akaandamwa weee mpaka 1909 akahamia zake Munich. Mwaka huohuo Liebermann akanunua kiwanja hapa ziwani.

Sasa bustani. Upande wa barabarani unapokelewa na kabichi, yaani tajiri mzima kapanda mboga mbele ya nyumba, nikajua nimepotea. Nyuma majani yanashuka mpaka ziwani, halafu kuna njia ina miti ya magome meupe, wenyewe wanaiita Birke, mingine imeota katikati ya njia na hawakuikata, unaizunguka tu. Ipite kwanza, ndo upande juu kwenye picha. Ukisogea karibu na picha, gome ni mpako mmoja tu wa rangi nyeupe nzito na majani hayana hata umbo, rudi nyuma hatua tatu, khaa, jua linapenya! Bustani hii aliichora zaidi ya mara 200 na nikamwelewa.

Ni padogo, saa moja na nusu umemaliza. Wanaotaka Manet mwenyewe waende Alte Nationalgalerie mjini.

Chini kuna chumba cha historia ya familia, msikiruke. Walikuwa Wayahudi, 1940 mjane wake Martha akalazimishwa kuiuza nyumba, 1943 akameza dawa akajiua ili asipelekwe kambini na Wanazi. Mimi nilikiacha cha mwisho nikijua nikitoka nakula keki barazani, haikupita.

Jumanne wanafunga.