TAHADHARI: Boxi limeandikwa 0.50, ndani ya injini zimerudi pistoni zako zile zile

Ndugu zangu madereva na wenye magari hapa Kampala, someni hii kabla hamjampa mtu bloku yenu, yaani lile chuma kikuu la injini lenye silinda, aondoke nayo. Nimepoteza shilingi 1,150,000 na wiki sita za kazi, na aliyenifanyia hivi bado anasimama pale pale akisubiri mwingine.

Gari langu ni Hiace ya dizeli, injini ya 3L, inayobeba abiria kati ya Kampala na Busia. Mpira wa rediyeta ulipasuka tukiwa katikati ya msitu wa Mabira. Nikalazimisha kufika mbele penye watu, kwa sababu nilikuwa na akina mama wenye watoto na giza lilikuwa linaingia. Injini ikachemka, gasketi ya hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda) ikaungua, silinda ya pili na ya tatu zikakwaruzika. Fundi wangu alipofungua aliniambia: bloku ichongwe, ziingie pistoni za ovasaizi 0.50, yaani kubwa kuliko za kiwandani kwa nusu milimita, na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, isagwe, iwekewe beringi za 0.25 za kufuata krenki iliyopungua robo milimita. Injini nzima kutoka Japani nisingeimudu. Nilikuwa na mkopo wa sako wa milioni mbili na nusu, na humo humo nilipaswa kutoa gasketi, oili, rediyeta na ujira wa fundi.

Nikaenda Kisekka, soko la spea za magari, kuuliza bei. Sijafika kwenye duka lolote, dalali akanipokea barabarani. Hana duka, na hilo mlishike, maana wenye maduka yao mle ndani nimenunua kwao miaka mingi na sina neno nao. Anaongea Kiswahili safi. Aliposikia natoka Busia akaanza kuniita shemeji. "Shemeji, usihangaike na watu watatu. Niletee bloku na krenki, spea na mashine niachie mimi, siku mbili unachukua imeshafungwa." Alitaka 700,000 za pistoni, ringi zake na beringi, na 450,000 za kuchonga na kusaga. Fundi wangu alikataa, akasema twende wenyewe kwenye mashine. Mimi nikaangalia karibu laki tatu ninazookoa, nikampa dalali. Nilituma 800,000 kwa simu, na jina lililotokea halikuwa lile alilonitajia. Akasema laini ni ya mke wake.

Bloku ilirudi siku ya pili imepakwa rangi mpya nyeusi. Ndani ya silinda kulikuwa na ile mistari mipya ya kupishana, pistoni zimeshafungwa, na juu yake zimepakwa grisi nzito, "zisishike kutu." Pamoja nayo akanipa boxi tupu lenye karatasi safi iliyoandikwa 0.50. Nilipouliza pistoni zangu za zamani ziko wapi, alisema zimeenda kwa wauza vyuma chakavu.

Gari lilitembea siku tisa. Asubuhi likawa gumu kuwaka, kisha moshi wa buluu, kisha oili ikaanza kupungua hata kabla sijafika Iganga. Ukifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, mvuke unafoka kama sufuria ya maharage. Mwishowe taa ya oili ikawa inawaka kila nikisimama kwenye foleni injini ikiwa moto.

Tukafungua tena. Fundi alifuta masizi juu ya pistoni kwa kitambaa na petroli, akaniita nisome mwenyewe. STD. Zote nne. Standadi, zile zile zilizotoka kiwandani na gari, na ile ya pili bado ina mkwaruzo ubavuni, umepitishiwa msasa. Beringi ziligeuzwa mgongo, nazo STD. Bloku tukaipeleka Katwe kwa mtu wa mashine. Silinda ya 3L ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 96. Ikichongwa kwa ovasaizi 0.50 inapaswa kusoma 96.50 na kitu kidogo juu yake. Yangu haikufika hata 96.20. Haikuwahi kupanda kwenye mashine ya kuchonga. Walipitisha mawe ya kung'arisha tu, na krenki wakaisugua kwa msasa.

Hapa ndipo watu wengi watakamatwa kama mimi. Ile mistari mizuri ya kupishana haithibitishi kwamba silinda imechongwa, kwa sababu mawe peke yake yanaiacha vile vile. Pitisha ukucha juu kabisa ya silinda, sehemu ambayo ringi haifiki. Silinda iliyolika huwa na kingo pale. Ukucha ukikwama, hakuna kilichochongwa. Ningelijua hili siku ile, ningekataa bloku pale pale.

Na utaratibu wenyewe ni huu, nimeelezwa na yule wa Katwe na fundi wangu akakubali kila neno. Pistoni zinanunuliwa kwanza, unazishika mkononi, unasoma namba juu ya kila moja. Kisha unampelekea mwenye mashine pamoja na bloku, azipime, achonge silinda kufuata pistoni hizo. Mtu anayekuambia bloku imeshachongwa ila pistoni bado zinatafutwa, mwogope. Kabla ya kuacha bloku popote, igonge alama yako kwa sentapanchi, kile chuma chenye ncha cha kugongea alama, mahali pasipo na kazi. Pistoni kuukuu na beringi kuukuu zidai zote, hata kama huna la kufanya nazo. Na usikubali kurudishiwa injini iliyofungwa. Irudi wazi, ipimwe mbele yako, ndipo fundi wako afunge.

Kama pesa ni chache, punguza kwenye alteneta ya mitumba, au tumia tena rediyeta yako ikizibuliwa. Kwenye pistoni, ringi na beringi usipunguze. Hedi yangu, ambayo fundi aliisimamia mwenyewe hadi ikapimwa kama ina ufa au imepinda, haina tatizo lolote mpaka leo.

Risiti yake ina maneno yale ya "mali ikiuzwa hairudishwi." Msitishwe nayo. Sheria ya Uganda ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ilingane na ilivyoelezwa. Na mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 10, ambapo unajisimamia bila wakili. Mimi naenda huko. Pistoni nne, beringi, boxi, risiti, ujumbe wa malipo na vipimo vya Katwe kwa maandishi, vyote ninavyo kwenye gunia moja.

Aliyepokelewa barabarani na mtu wa namna hii, akaitwa shemeji au mkwe, akapewa boxi tupu na injini yenye grisi juu, asiiwashe. Futa grisi kwanza, usome namba. Ukikuta STD, piga picha kabla fundi hajagusa kitu, kisha niandikie, twende mahakamani pamoja.