iReal Pro kwa mpiga saksafoni anayejifunza solo za bluzi: uzoefu wangu

Kwa mpiga saksafoni asiye na bendi nyumbani, iReal Pro inatosha kabisa kujifunzia solo za bluzi, mradi ujue kuipanga na usiidai kitu ambacho haina. Ni programu ya simu, tableti na kompyuta za Mac. Inakuonyesha kodi za wimbo (noti zinazopigwa kwa pamoja) kwenye skrini, kisha inakupigia ngoma, besi na piano au gitaa kwa mwendo unaotaka wewe. Inauzwa, si ya bure, lakini ikishakaa kwenye simu inapiga bila intaneti, hivyo bando lako halihusiki. Haina melodia ndani yake na haikufundishi solo. Kazi yake ni kuzungusha vipimo 12 vya bluzi, kila kimoja mapigo manne, bila kuchoka na bila kukununia.

Kabla ya kupuliza noti yoyote, ingia kwenye mipangilio uiambie unasomea ala gani. Alto na baritoni ni ala za E fleti (C wanayosoma inasikika E fleti kwenye piano), tenori na soprano ni za B fleti. Bendi ikiwa kwenye B fleti, alto anasoma G na tenori anasoma C. Bendi ikiwa F, alto anasoma D na tenori G. Hapa wengi huchanganya mambo mawili: ufunguo wa wimbo, na ala inayousoma. Mwenye alto akiubadilisha ufunguo wa wimbo kuwa G, akidhani anajirahisishia, bendi nzima inahamia G halisi na yeye anatakiwa apige kwenye E yenye shapu nne. Acha wimbo ubaki B fleti, badilisha upande wa ala tu. Mifano yangu yote hapa chini ni ya alto anayesoma G. Wenye tenori nitawarudia.

Mpangilio wa bluzi unaokuta humo au kupewa na wenzako mara nyingi ni wa kijazi, wenye E7 (kodi ya E iliyoongezwa noti ya saba) kwenye kipimo cha 8 na A ndogo (A minor) kwenye cha 9. Kwa anayeanza hizo ni kelele. Andika wa kwako, programu inaruhusu: G7 vipimo vinne, C7 viwili, G7 viwili, halafu D7, C7, G7, D7 kipimo kimoja kimoja. Chagua mtindo wa shuffle au swing (midundo inayobembea) ya mwendo wa kati, weka mapigo 96 kwa dakika, mizunguko kumi. Kwa mwendo huo mzunguko mmoja unachukua sekunde 30 kamili, muda wa kutosha kufikiri na mfupi kiasi kwamba ukiharibu unapata nafasi nyingine mara moja. Usidanganyike na bluzi ya polepole. Kwa mapigo 60 vipimo vinne peke yake ni sekunde 16, na hapo pumzi fupi, sauti inayoyumba na mawazo yaliyokwisha vyote vinaonekana peupe.

Sasa solo yenyewe. Nashauri kuanza na noti tatu tu: G, B fleti na C. Sababu ni kwamba kila kodi kati ya zile tatu ina mahali pa kutua ndani yake. Kwenye G7 tua G. Kwenye C7 tua C, au B fleti ambayo ni noti yake ya saba. Kwenye D7 tua C, saba ya D. Noti ya kuchunga ni C juu ya G7: ukiipitia haina tabu, ila ukiishikilia inagombana na B iliyomo ndani ya kodi, na msikilizaji asiyejua muziki hata kidogo atakunja uso.

Noti tatu hazichoshi ukizipanga kama bluzi inavyoimbwa. Mstari unasemwa, unarudiwa, kisha unakuja mstari wa tatu unaoujibu. Kila mstari una vipimo vinne. Lakini sauti ya mwimbaji haijazi vipimo vyote vinne. Anaimba viwili na kidogo, vilivyobaki anaachia ala imuitikie, kama kiongozi wa wimbo anavyowaachia waitikiaji. Kwa hiyo piga vipimo viwili, nyamaza viwili. Rudia yaleyale kwenye C7 ukibadilisha noti ya kutua. Halafu kwenye D7 sema kitu kipya. Louis Jordan na Eddie Vinson walikuwa waimbaji na wapiga alto kwa wakati mmoja, na ukiwasikiliza unasikia saksafoni inavuta pumzi palepale ambapo mwimbaji angevuta.

Kunyamaza vipimo viwili ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwenye programu hii, kwa sababu bendi inaendelea na mkono unawasha. Hesabu kwa mguu. Ukishindwa, toa kabisa chombo mdomoni kwenye kipimo cha 3, 7 na 11. Kosa jingine la kawaida ni kuanza kila sentensi juu ya pigo la kwanza. Anza baada yake, au dokeza noti moja kabla halijafika, na noti zilezile tatu zitaanza kutembea.

Hapo ndipo uongeze skeli ya bluzi: G, B fleti, C, D fleti, D, F. Inapita juu ya kodi zote tatu, na kwa sababu hiyo inaleta uvivu; watu huipanda na kuishuka kama ngazi, mzunguko baada ya mzunguko, wakashangaa kwa nini haisikiki kama bluzi. D fleti ni ya kupitia tu, kutoka C kwenda D au kurudi. Na kwenye saksafoni hapo pana tatizo la vidole kabisa: D fleti ya katikati ni vidole vyote juu, D inayofuata ni vidole sita chini pamoja na kitufe cha oktava. Kwa mwendo wa kasi kunatokea mwanya, na D yenyewe hutoka imezibana kidogo. Njia ya mkato: piga hiyo D kwa kitufe cha D cha kiganja cha mkono wa kushoto bila kugusa oktava. Ukiwa tayari umeachia vidole vyote kwa D fleti, unaongeza kitufe kimoja tu. Huwa inapanda kidogo juu ya sauti sahihi, basi legeza taya. Kwa noti ya kupita haitakusumbua, kwa noti ndefu rudi kwenye vidole vya kawaida.

Mpango mwingine wa vidole wa kujua ni ule wa B fleti inayoteleza kwenda B, mtelezo ambao bluzi haiwezi kuishi bila huo. Wengi hupiga B fleti kwa kibonye kidogo kilicho chini ya B, kidole cha shahada kikibana vyote viwili. Kutoka hapo kwenda B ni lazima kidole kijiviringishe, na mtelezo unasikika kama kigugumizi. Tumia shahada ya kushoto na shahada ya kulia. Ukiinua ya kulia pekee, B iko mdomoni. Saidia kwa kulegeza taya kwenye B fleti na kuikaza unapofika B.

Upande mtamu wa bluzi ni skeli nyingine: G, A, B fleti, B, D, E. Inafaa vipimo vinne vya kwanza na vile vya 7 na 8. Bendi ikihamia C7, B lazima ishuke iwe B fleti, kwani kodi ile ina B fleti ndani yake na mtu akibaki juu ya B anasikika kama hajui wimbo umefika wapi. Nusu toni hiyo moja, B kwenda B fleti, ndiyo ninayoiona kuwa siri kubwa kuliko skeli zote. Pamoja nayo F ya G7 hushuka kuwa E ya C7. Ukizifuata noti hizo mbili msikilizaji anasikia kodi zikibadilika hata bila piano.

Na hilo unaweza kulipima palepale. Fungua ukurasa wa sauti za ala, zima piano, bakisha ngoma na besi. Kama solo yako imekuwa haina mwelekeo, tatizo lilikuwa limefichwa na piano. Jaribu na kipande kifupi: B, D, E, D. Kwenye C7 kinakuwa B fleti, D, E, D. Kwenye D7 ni C, D, E, D. Noti ya kwanza tu inabadilika, tena kwa nusu toni, na vipimo 12 vimejaa kitu chenye maana. Bendi za Kansas City za miaka ya 1930, ile ya Count Basie ikiwa mbele, zilijenga nyimbo nzima juu ya vipande vya namna hii vinavyorudiwa. Hakuna aibu kukirudia. Aibu ni kukibadilisha kabla watu hawajakizoea.

Kuhusu ngurumo ya koo, programu haina msaada. Unavumisha sauti kooni huku unapuliza, na sauti hiyo isiwe sawa na noti unayopiga, la sivyo hazikwaruzani. Anzia noti za katikati na pumzi nyingi. Itumie kwenye mzunguko wa mwisho mwisho. Ikianza mapema haina pa kwenda.

Hapo ndipo upungufu wa bendi ya simu ulipo: haisikilizi. Ukishuka haishuki, ukipanda haipandi. Wapiga tenori wa Texas kama Illinois Jacquet na Arnett Cobb walikuwa na uwezo wa kung'ang'ania noti moja huku bendi ikichemka chini yao. Kwenye iReal Pro utaing'ang'ania peke yako. Panga kilele mwenyewe: mzunguko wa kwanza oktava ya chini kwa sauti ndogo, wa pili uleule kwa nguvu zaidi, wa tatu oktava ya juu.

Upungufu wa pili unatoka kwa mtumiaji. Skrini inaonyesha kipimo mlichofikia, na macho yanazoea kusoma badala ya masikio kusikia. Ukifika mbele ya bendi ya watu unapotea kwenye kipimo cha 5. Geuza simu kifudifudi, uwindie C7 kwa sikio.

Usitegemee spika ya simu. Alto inaimeza, na besi ndiyo ya kwanza kupotea, na besi ikipotea huna kodi. Spika ya nje ndogo yafaa, au kisikilizi kwenye sikio moja. Ya bluetooth huchelewa kidogo nyuma ya skrini. Fuata unachosikia, achana na unachoona.

Uwezo wa programu kupandisha mwendo yenyewe baada ya mizunguko kadhaa ni mzuri. Ule wa kuhamisha ufunguo ni bora zaidi. Wapiga gitaa wanapenda E na A kwa ajili ya nyuzi wazi, na hapo alto anaangukia C shapu na F shapu, tenori F shapu na B. Anayejua bluzi ya G peke yake, siku hiyo atashika saksafoni kama pambo.

Asiyeweza bado kushika noti ndefu ikatulia, aiache kwanza programu hii. Hela hiyo anunue ridi za saksafoni.

Wenye tenori: kwa bendi iliyo B fleti ninyi mnasoma C, na kodi zenu ni C7, F7 na G7. Noti tatu za kuanzia ni C, E fleti na F. Kile kipande kinakuwa E, G, A, G. Kwenye F7 E fleti, G, A, G. Kwenye G7 F, G, A, G. Mtelezo wenu ni wa E fleti kwenda E, nao una wepesi wake: acha kidole kidogo cha kulia palepale kwenye kitufe cha E fleti, inua cha pete tu.