Bastola ya kujilinda na ya shabaha: chagua risasi kwanza

Ukiingia dukani na karatasi zako zote sawa, muuzaji atakuwekea bastola mezani uishike, upime uzito wake, uipende. Habari ya risasi huja mwisho, kama nyongeza. Mimi ningeianza hiyo. Bastola unainunua mara moja, risasi utazinunua mwaka nenda mwaka rudi, na kaliba, yaani saizi ya risasi, ndiyo itakayoamua kama utafika kiwanjani kila mwezi au silaha italala kwenye sefu mpaka cheti kitakapohitaji kuhuishwa.

Ninayemlenga hapa ni mwenye leseni, au anayeisubiri kihalali: Mkenya aliye mbele ya Bodi ya Leseni za Silaha, au Mtanzania chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kwa Kenya, cheti hutaja silaha yenyewe na pia kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho. Ukichagua kaliba leo, usidhani kesho utaibadilisha kama unavyobadilisha laini ya simu. Utarudi kwenye foleni.

Ya kwanza: 9x19

Hii ndiyo "9mm" ambayo watu wengi huimaanisha wanapoitaja hivyo: 9 ni upana wa kichwa, 19 ni urefu wa ganda, kwa milimita. Mjerumani Georg Luger aliibuni mwanzoni mwa karne iliyopita, na leo ndiyo risasi ya bastola iliyoenea kuliko zote, jeshini, polisini na kwa raia. Ceska, bastola ambayo Mkenya yeyote anayesoma habari za polisi amekwisha kukutana na jina lake, mara nyingi hula hii. Kichwa chake cha kawaida, kile kipande kinachoruka, kina uzito wa gramu 7.5 hivi na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 kwa sekunde, au zaidi kidogo.

Wapo watakaokuambia 9mm ni dhaifu. Maneno hayo yana historia yake. Tarehe 11 Aprili 1986, maafisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walikabiliana na majambazi wawili mjini Miami, na risasi moja ya 9mm ikamwingia jambazi kifuani lakini ikasimama kabla ya kufika moyoni. Aliendelea kupigana, na maafisa wawili wakauawa. FBI ikatafuta risasi kubwa zaidi: kwanza 10mm, kisha .40 (namba zenye nukta ni upana kwa inchi) S&W iliyotoka 1990, na idara nyingi za polisi Marekani zikafuata. Katikati ya miaka ya 2010, FBI hao hao wakarudi 9mm. Vichwa vya kisasa vinavyochanua, yaani vinavyopanuka vikiingia mwilini, vilikuwa vimeboreka mno, vikifikia kina wanachokitaka kwenye jelatini ya majaribio inayoiga nyama ya mwili, kati ya sentimita 30 na 46. Zaidi ya hapo, maafisa wengi walipiga haraka na kwa usahihi zaidi wakiwa na 9mm kuliko wakiwa na .40.

Sababu hiyo ya mwisho ndiyo inayomhusu mnunuzi wa kawaida. Kama mtu aliyefunzwa na kulipwa na serikali anapata tabu na teke la .40, yaani jinsi bastola inavyorudi nyuma ikilia, wewe unayefika kiwanjani Jumamosi moja moja utapata tabu zaidi. Na risasi iliyokosa haina kaliba.

Kwa mashindano, 9x19 inakufungulia milango mingi. Katika IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya shabaha, ndiyo ndogo kuliko zote zinazokubaliwa, na katika kitengo cha Production kila mtu huhesabiwa alama za daraja la chini hata akija na .45, kwa hiyo huna unachopoteza.

Ya pili: .22 LR, kama shabaha ndiyo hamu yako

Risasi hii imekuwepo tangu 1887. Ni nafuu, kishindo chake ni kidogo, teke lake hulisikii, na ndiyo inayotumika kwenye bastola ya mita 25 katika Olimpiki. Mwanafunzi asiyetishwa na kelele hujifunza kuvuta kifyatulio taratibu bila kufumba macho, na ukishajifunza hivyo, mkono hausahau hata ukipanda 9mm.

Kwa kujilinda, hapana. Udogo wake ni nusu ya kasoro. Nusu nyingine ni kwamba dawa ya kuiwasha imepakwa ndani ya ukingo wa ganda badala ya kukaa kwenye fataki katikati ya kitako, na hutokea mara nyingi zaidi pini ikagonga na risasi isilie. Kiwanjani utacheka na kuitoa. Kama uwezo wako ni bastola moja tu, iache hii.

Ya tatu: .38 Special

Huenda na rivolva. Naiweka juu ya nyingine kwa ajili ya mtu anayejijua kwamba hatafanya mazoezi ya kuondoa risasi iliyokwama: kwenye rivolva, ikigoma moja unavuta tena na inayofuata inaingia zamu. Gharama yake ni risasi tano au sita tu na kifyatulio kizito. Zile rivolva fupi nyepesi za mfukoni zinapiga mkono vibaya kuliko sura yake inavyoonyesha. Ukipata rivolva ya .357 Magnum, inakula .38 pia. Kinyume chake ni hatari, usijaribu.

.380, .45, na ile ya mwisho

.380 ya John Browning, iliyoingia sokoni 1908, inapendwa kwa sababu bastola zake ni ndogo na unazificha kirahisi. Lakini nguvu yake ni kama nusu ya 9x19, na nyingi ya bastola hizo ni nyepesi kiasi kwamba zinakuchapa kiganja kama kaka zao wakubwa.

.45 ACP ina wapenzi wake, nami siwalaumu. Kichwa chake ni gramu 15, mwendo wa taratibu wa mita 255 hivi, na teke lake husukuma badala ya kuchapa. Ila ukipiga hesabu, nishati yake na ya 9mm zinakaribiana sana, huku magazini yake ikibeba chache na kila risasi ikikugharimu zaidi. .40 naiweka mkiani kwa sababu walioifanya maarufu wamekwisha kuihama.

Kabla ya kulipa

Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, kisha soma kitako cha ganda, yalingane. "9mm" peke yake haitoshi: kuna 9x17, ambayo ndiyo .380, kuna 9x18 ya Makarov ambayo hata kipenyo chake ni kingine, kuna 9x19 na kuna 9x21. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukuchanganyia.

Fikiria pia unapoishi. Hakuna kaliba katika hizi, hata .22, itakayosimamishwa na mabati au ukuta wa jipsamu. Risasi ya kiwanjani yenye kichwa kilichovikwa shaba hupenya zaidi kuliko inayochanua, na jirani yako amelala upande wa pili.

Mwisho muulize akuonyeshe maboksi ya risasi 50 yaliyopo rafuni siku hiyo, na bei ya kila moja, kwa kaliba unayoitaka na kwa 9x19. Ukijibiwa kwamba za kaliba yako "zinakuja wiki ijayo", chukua 9x19.