Galena, Illinois: nyumba ya Grant au jumba la Belvedere?

Galena ni mji mdogo wa Marekani uliotajirika kwa madini ya risasi. Kama una muda wa kuingia nyumba moja tu ya mtindo wa Kiitalia, uchaguzi mgumu uko kati ya hizi mbili.

Kwa ukubwa, Belvedere haina mpinzani: vyumba 22, iliyojengwa 1857 kwa ajili ya Joseph Russell Jones, tajiri wa meli za mvuke. Ila ndani imejazwa vitu vya kukusanya huku na kule, hata vya mpiga piano Liberace, mtu wa karne nyingine kabisa. Wapenda anasa watafurahi.

Mimi ningekwenda kwa Jenerali Ulysses Grant. Nyumba yake ya 1860 ni ndogo zaidi, lakini mtindo unausoma ukiwa bado nje: kuta za matofali, paa lenye mteremko mdogo, upenu mpana ulioshikiliwa na vihimili vya urembo, luva za kijani, na roshani juu ya baraza. Wenyeji walimzawadia Agosti 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha. Samani nyingi zilizomo ni za familia yake hasa, na hapo ndipo Belvedere inapoachwa mbali. Hakuikalia sana, alichaguliwa rais 1868 akahamia Washington, na mwaka 1904 watoto wake wakaikabidhi kwa mji.

Jones naye hakusahauliwa: Grant alimpeleka Ubelgiji kuiwakilisha Marekani.