Kifurushi cha masomo ya Pasaka kwa watoto: lipia michezo, kurasa za rangi achana nazo

Likizo ya Aprili nilitaka kitu cha kuwashughulisha watoto zaidi ya katuni, nikanunua mtandaoni kifurushi cha masomo ya Pasaka ya Wayahudi. Ni kama shilingi 1,500 hivi, faili moja inayoingia kwenye simu. Ina masomo sita, mengi yakifuata kitabu cha Kutoka, tangu utumwani Misri hadi kuvuka bahari, pamoja na michezo, kazi za mikono na mapishi. Waliokitunga ni Wakristo wa ng'ambo na kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nikisoma mimi kwanza, kisha nawasimulia watoto kwa Kiswahili. Ninao wawili, wa kiume wa miaka 10 na wa kike wa miaka 6.

Kilichonirudishia pesa yangu ni mchezo wa kusaka chachu. Wiki ya Pasaka Wayahudi hawali kilichotiwa chachu, kwa hiyo kwa desturi, usiku mmoja kabla ya mlo wa Pasaka, familia zao huzunguka nyumba gizani na mshumaa, unyoya na kijiko cha mbao, wakitafuta vipande 10 vya mkate vilivyofichwa makusudi. Asubuhi huvichoma moto. Kifurushi kinaeleza hayo kwa aya mbili tu, kisha kinakuachia uwanja, na hivyo ndivyo inavyofaa. Sisi tulitumia tochi, mwiko wa ugali na unyoya wa jogoo wa jirani. Mdogo aliingia uvunguni akatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi, unyoya kaushika juu, anapiga kelele, "Mama, chachu! Chachu hii hapa!" Walipata vipande tisa. Cha kumi kilikuwa nyuma ya debe la unga, na sisimizi walikifikia kabla yetu. Andika mahali unapoficha. Maelekezo hayakwambii hilo.

Kesho yake kinawataka mle siku nzima bila chachu. Hapa Mtwapa maana yake ni chai bila mahamri, na hapo ndipo somo lilipowaingia barabara. Mbaazi zilibaki mezani, mkubwa akauliza kama Wayahudi nao wangezila. Kifurushi kiko kimya, lakini jibu lenyewe linapendeza: Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki, kwa jadi, huacha mchele na jamii ya kunde wiki hiyo, ilhali wengi wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini huzila. Alifurahi mno kusikia kwamba kuna watu wazima wanaobishana juu ya mbaazi.

Mapishi nayo ni mazuri, ila yanahitaji mtu wa kuyapa akili. Mkate usiotiwa chachu ni unga wa ngano na maji, basi, na tangu maji yaguse unga hadi mkate uive zisipite dakika 18, la sivyo unahesabiwa umeanza kuchacha. Mkubwa alishika saa ya simu kama refa, mdogo akatoboa kwa uma, nami nikageuza kwenye chuma cha chapati. Ulitoka mgumu, wakauchovya kwenye chai. Kwa mboga chungu wanakuagiza mzizi mkali wa Ulaya ambao sokoni kwetu hakuna anayeujua. Kutoka 12:8 haitaji mzizi wowote, inasema mboga chungu tu, kwa hiyo nikanunua mchunga. Nyanya yao huupika kwa nazi. Safari hii niliuchemsha kwa maji matupu, na nyuso zao zilinitosha. Ule mseto mtamu unaokumbusha udongo wa matofali ya Misri, wao wanautengeneza kwa tufaha. Mimi nilitumia tende na njugu, na hata Wayahudi wa Iraq wana wao wa asali ya tende, kwa hiyo sikuona haja ya kununua tufaha kwa bei ile.

Kazi za mikono ni za kawaida. Chura wa karatasi anayeruka alipendwa. Nzige wanataka nyaya zenye manyoya; sisi tuliwatengenezea miguu ya chelewa za ufagio, nikawasimulia nzige wa 2020 walivyoshuka Isiolo na Samburu. Kurasa za kupaka rangi ni nyingi kupita kiasi, na ukichapisha saiba kwa rangi utalipa karibu bei ya kifurushi chenyewe.

Panaponikera ni pigo la kumi, vifo vya wazaliwa wa kwanza wa Misri. Wameweka picha ya mwanakondoo anayetabasamu, bandika hapa, somo limekwisha. Mwanangu aliangalia ile karatasi akaniuliza, "Mama, si mimi ndiye kifungua mimba?" Hakuna hata sentensi moja ya kumsaidia mzazi hapo. Kilichoniokoa kiko kurasa za mbele, kwenye mlo wenyewe, tena kwa maandishi madogo: kila pigo linapotajwa, watu hutoa tone la divai kikombeni kwa kidole, na wengi wanaeleza kwamba furaha inapunguzwa kwa sababu Wamisri nao waliumia. Tulifanya kwa juisi ya ukwaju. Mkubwa alitaja mapigo yote kumi polepole, tone kwa tone kwenye sahani, na safari hii hakucheka. Nikamwongezea kwamba kwa jadi wazaliwa wa kwanza wa kiume wa Kiyahudi hufunga siku inayotangulia Pasaka. Akauliza kama naye anafaa kufunga. Nikamwambia amalize chakula chake.

Somo la sita ni dhaifu. Linamchora Yesu na wanafunzi wake mbele ya sahani ileile ya mlo wa Pasaka wa leo, yai na vyote, ilhali utaratibu mwingi wa mlo huu ulijengeka baada ya hekalu la Yerusalemu kubomolewa mwaka 70. Wakati wa hekalu, mwanakondoo mwenyewe ndiye aliyeliwa. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuelezwa hivyo. Tena kote Wayahudi wanaonekana watu wa zamani tu, au Wazungu. Niliziba pengo hilo mwenyewe kwa kuwatajia Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, na sinagogi la Nairobi lililo karibu na Chuo Kikuu.

Nyota nne kati ya tano kwa watoto wa miaka 6 hadi 11. Chapisha maelekezo ya kusaka chachu na ya mlo kwa nyeusi na nyeupe, mengine yasome kwenye simu. Na mchunga ununue asubuhi, jioni unakuwa umenyauka.