Ajansi ya viza ya huku Lubumbashi: dosye safi, hesabu hapana

Nilipitia ku ajansi moja ya mjini juu ya viza ya Schengen (viza moja ya kuingia inchi nyingi za Ulaya), nilitaka kukaa kwa yaya yangu (ndugu mkubwa) kule Liège, Ubelgiji, mda mrefu kidogo. Kupanga dosye wanajua, siwadanganye: asiransi ya matunzo yenye kufunika euro 30,000, rezervasio ya ndege, mafotokopi, yote safi, na ule mama wa mapokezi eko na roho nzuri ata maji alitupatia.

Lakini ku mambo ya kukaa... eeh. Waliniambia "papa, viza yako ni ya mwaka mzima, kaa tu" nami nikaitika, kumbe mwaka ni mda wa kuitumia ile viza, kukaa ni siku 90 tu ndani ya siku 180, na wanahesabu zile siku 180 kurudi nyuma kila siku yenye uko kule, siku ya kuingia na ya kutoka zote ziko ndani, na ukivuka Ubelgiji ukaenda Ufaransa hesabu haianze upya. Yaya njo alishtuka, siku ya 71! Tukafungua kalkuleta ya Umoja wa Ulaya ku intaneti (ni ya bure), nikabadilisha tiketi, pesa ikaliwa.

Kuongeza siku ukiwa kule? Labda ugonjwa mkubwa ao kitu cha kukushinda nguvu, kutembea tu hapana.

Nilirudi kuwauliza, wakacheka. Dosye nyota nne, mashauri moja, na iyo moja ni juu ya yale maji.